Maneno 8 kwa 8 hayatoshi, hata ukiita watu 300

Mkuu, usiite mshiriki hata mmoja kwanza. Umesema unasoma isimu na unataka kuingia saikolojia tambuzi (elimu ya jinsi akili inavyofikiri na kukumbuka), ukauliza uanze na mada zipi, na kama jaribio lako limekaa sawa: majina 8 ya ngeli ya KI-VI, majina 8 ya M-WA, washiriki 30 wabonyeze kitufe kuamua kama wanachokiona ni neno au si neno, kisha ulinganishe wastani wa muda. Halijakaa sawa. Data yangu yote iliharibika kwa kosa hilihili na haikuokoleka.

Tazama orodha uliyoweka. Upande wa KI-VI kuna "kiti" na "kisu", herufi 4. Upande wa M-WA kuna "mfanyabiashara", herufi 14. Neno refu huchelewa kutambuliwa, na neno adimu pia. Juu ya hayo, M-WA ni viumbe hai, na KI-VI kwa wingi ni vitu. Ukipata tofauti ya milisekunde 40, utajuaje imetoka kwenye ngeli?

Hapo utaambiwa, kama nilivyoambiwa mimi na mtu aliyelipwa kunifundisha, "ongeza washiriki." Ushauri huo unanikera mpaka leo. Tuseme neno "kizimba" linamchelewesha kila mtu. Ukichukua wastani wa kila mshiriki, ucheleweshaji wa "kizimba" umo ndani ya kila wastani. Jaribio la t, yaani hesabu ya takwimu inayolinganisha wastani mbili, linaona mashahidi 30 wanaokubaliana, kumbe wote wanasimulia neno moja. Ukileta 300, ni neno lilelile, ila sasa matokeo ya uongo yanaonekana ya uhakika zaidi. Mwanasaikolojia Herbert Clark aliliandika hili waziwazi mwaka 1973. 1973! Na bado wanafunzi wanaachwa waendelee.

Maneno ni sampuli, sawa na watu. Ndiyo kanuni yenyewe, ishike.

Dawa ni kulipima neno moja katika hali zote mbili. "Kiti" hakiwezi kuhamia M-WA, kwa hiyo badilisha kinachotangulia. Onyesha "kile" halafu "kiti" (upatanisho upo), au "yule" halafu "kiti" (upatanisho umevunjika). Fanya vivyo hivyo kwa "mwalimu". Sasa urefu na uadimu wa neno havina pa kujificha, maana kila neno linalinganishwa na lenyewe. Usiweke "kijana" wala "kiboko": umbo ni la KI-VI, lakini wanachukua "yule".

Tengeneza orodha mbili. Orodha A ina "kile kiti", orodha B ina "yule kiti", na ndani ya kila orodha nusu ya maneno yawe na upatanisho, nusu umevunjika. Mshiriki mmoja anapewa orodha moja tu, kwa sababu akiliona neno mara ya pili analitambua haraka zaidi na umeshaharibu kipimo. Watafiti Brysbaert na Stevens (2018) wanashauri vipimo (jibu moja la mshiriki mmoja kwa neno moja) visivyopungua 1,600 kwa kila hali. Mpango wako unatoa 8 × 30, yaani 240. Chukua maneno 80, nusu kila ngeli, na washiriki 40: kila mmoja anaona maneno 40 kwa kila hali, na 40 × 40 ndiyo hiyo 1,600.

Ongeza maneno bandia 80, na yafuate sauti za Kiswahili: "kikomve", "mgenu". Ukiweka "mtkrl" watu watalikataa kwa jicho tu, bila kuingia kwenye msamiati. Nayo yatanguliwe na "kile" na "yule" kwa uwiano uleule, la sivyo watajifunza kujibu kwa kutazama kitangulizi.

Kwenye takwimu achana na jaribio la t. Tumia modeli mseto, washiriki na maneno vyote vikiwa athari za nasibu, yaani hesabu inayotambua kwamba watu na maneno vyote ni sampuli tu. Baayen, Davidson na Bates walieleza namna yake mwaka 2008. Ukisahau kuweka maneno humo, umerudi kwenye mashahidi 30.

Mada za kuanzia: kumbukumbu tendaji (kushikilia taarifa akilini kwa muda mfupi huku ukiitumia) na umakini, mengine yatafuata. Weka hapa maneno yako 80 pamoja na orodha A na B kabla hujaanza, nitayapitia moja moja.