Ukiomba kodi ya soko kwenye pabu: mwenye nyumba anawajibika kufanya nini

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unaendesha pabu ya kupanga huko England, kwamba umeletewa pendekezo la kodi mpya, na kwamba meneja wa eneo amekuambia kwa mdomo kuwa ukiomba kodi ya soko "utajuta". Nilishaupitia utaratibu huo nikiwa mpangaji, hivyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Wanajukwaa wengine wafahamu kwanza kwamba pabu nyingi za England na Wales ni mali ya kampuni kubwa, ambazo hupangisha jengo kwa sharti kwamba mpangaji anunue bia kwao, kwa bei wanayoipanga wao. Sheria ya mwaka 2015, na Kanuni za Pabu zilizoanza kutumika Julai 2016, zinataka mpangaji aliyefungwa hivyo asiwe na hali mbaya kuliko asiyefungwa. Zinazihusu kampuni zenye pabu za namna hiyo 500 au zaidi, kama vile Greene King, Marston's, Punch na Stonegate. Kwa hiyo kama mwenye nyumba wako ni kiwanda kidogo cha bia, kanuni hizi hazimgusi.

Haki ya kuomba kodi ya soko, yaani kulipia jengo peke yake na kununua bia popote, hufunguka kwa matukio maalumu: kodi inapopitiwa upya, mkataba unapohuishwa, bei ya bia inapopanda sana, au linapotokea jambo lisilotarajiwa la kuathiri mauzo. Kwa kuwa pendekezo la kodi limeshakufikia, una siku 21 tu za kuhakikisha barua yako ya maombi imemfikia mwenye nyumba. Usipoteze hata moja kwa kubishana na meneja kwenye simu.

Barua ikifika, mzigo unahamia kwake. Ndani ya siku 28 anapaswa kukupa jibu kamili, na akikubali kwamba maombi yako ni halali, lazima jibu hilo liwe na mkataba anaoupendekeza pamoja na kodi anayoitaka. Kukutajia tarakimu ya kodi peke yake hakutoshi.

Mkataba huo usome neno kwa neno. Walionipangisha waliniletea rasimu nene yenye kodi kwenye ukurasa wa mbele, na kodi yenyewe haikuwa mbaya, lakini uzito ulikuwa ndani: kodi ya miezi mitatu ilipwe kwa mkupuo na mapema, amana iongezwe, na ukarabati wote wa jengo ukamilike kabla ya kutia saini. Sharti mojamoja lilionekana la kawaida, ila yakijumlishwa yalidai fedha ambazo biashara ya aina yangu haiwezi kuwa nazo siku ya kwanza, na ofa ya namna hiyo ni ofa ya kwenye karatasi. Kanuni zinakataza masharti yasiyo ya haki, na sharti lisilozoeleka katika mikataba ya pabu zisizofungwa huhesabiwa kuwa miongoni mwa hayo. Muda wa mkataba nao hauruhusiwi kuwa mfupi kuliko uliobaki kwenye mkataba wa sasa. Nilichofanya ni kuwaandikia, sharti baada ya sharti, nikiwataka waoneshe kwamba wapangaji wasiofungwa hutozwa hivyo. Wakaondoa la ukarabati na kukubali kodi ya kila mwezi.

Angalia pia kifungu cha bia. Kampuni inayotengeneza bia inaruhusiwa kudai bia zake ziwepo kaunta, lakini hairuhusiwi kukuzuia kuuza za washindani. Mwaka 2020 Star Pubs & Bars, ya kundi la Heineken, ilitozwa faini ya pauni milioni 2 kwa kuwataka wapangaji waliotaka kujitoa kwenye sharti la kununua bia kwao waweke bia zake kwa kiwango kisicho cha haki.

Msipoafikiana kuhusu kodi, mtathmini huru ndiye ataipanga. Wakati wote huo hulazimiki kuuacha mkataba wa zamani, kwa hiyo chukua ankara zako za mwaka mzima, hesabu mapipa uliyonunua, zidisha kwa tofauti ya bei kati ya mwenye nyumba na msambazaji wa nje, kisha linganisha na nyongeza ya kodi. Pabu inayouza chakula kingi na bia kidogo huenda isipate faida yoyote.

Kuhusu lile neno la "utajuta", kanuni zinamkataza mwenye nyumba kumdhuru mpangaji kwa sababu ametumia haki yake. Zaidi ya hapo, meneja akizungumza nawe habari za kodi anawajibika kuandika kumbukumbu za mazungumzo na kukupa nakala ndani ya siku 14. Mwandikie leo uidai, na ikija bila neno hilo, jibu kwa maandishi ukieleza lilivyotamkwa, kwa kuwa shauri likifika kwa Msimamizi wa Kanuni za Pabu, yaani afisa anayeamua migogoro ya namna hii, barua hizo ndizo zitakazosomwa.