Mjomba, Silipwi kwa Kulala

Shikamoo mjomba. Ile sauti uliyotuma kwenye kikundi cha ukoo nimeisikiliza nikitoka zamu. Eti mimi huku Australia "nalipwa kwa kulala", nikilinda watoto wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa huku, ambao "serikali inawalisha bure". Na wadogo zangu wakacheka, wakaanza kuuliza viza. Haya, nawajibu wote.

Kitanda kipo, sikatai. Ni hosteli ya vijana Alice Springs, katikati ya bara, jangwa kila upande. Adelaide iko kilomita 1,500. Sikuletwa huku na mapenzi: viza yangu, namba 491, inataka nikae nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane miaka 3 ndipo niombe ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo saa 8 usiku mlango ukigongwa, mimi ndiye ninayeamka. Siku nyingine ni damu. Siku nyingine ni mtoto amepigiwa simu ya msiba na hajui atafikaje kwao.

Wananiita anti. Wamenipangia hata nafasi katika ukoo wao, wajue nani anitanie na nani anikwepe, na hilo mtu aliyekulia kwenye utani halimshangazi. Ila shuleni halieleweki. Mvulana mmoja wa kabila la Warlpiri aliketishwa pamoja na msichana wa rika lake ambaye, kwa hesabu ya ukoo, ni mama mkwe wake. Akanyanyuka akatoka. Mwalimu akaandika utovu wa nidhamu.

Likizo ya Desemba huyo huyo akaenda jandoni. Sikumuuliza kitu, mwanamke haulizi, sisi wa Tanga tunajua. Amerudi mwanamume, kisha darasani ananyoosha mkono aruhusiwe kwenda chooni. Machi 2024 serikali ya huku ilipiga marufuku walio chini ya miaka 18 kuonekana katikati ya mji kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Ilidumu wiki chache tu. Lakini mwaka huohuo, baada ya uchaguzi, ikapitishwa sheria ya kushusha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 12 hadi 10. Kutembea jioni ni mtoto, kizimbani ni mkubwa. Mnataka asichanganyikiwe?

Hiyo ya kulishwa bure, mjomba, iache. Tangu 2007 vijiji vya Waaborijini huku vilianza kuzuiliwa nusu ya posho ya serikali, inunue chakula na kulipa kodi ya nyumba, isiguse pombe wala sigara. Hebu mtu akushikie wewe nusu ya pensheni yako.

Sasa kinachoniuma. Kijana wetu mwingine, miaka 17, alipata kazi ya kupanga bidhaa dukani. Mshahara ni kila wiki mbili. Unaingia Alhamisi, Ijumaa wameshafika binamu, bibi, na mjomba anayetaka mafuta ya gari kwenda mazikoni. Jumamosi hana nauli ya basi. Msimamizi wangu akaniambia nimfundishe kusema hapana. Mimi! Nikakaa naye na karatasi, nikamshauri afungue akaunti ya pili asiyoijua mtu. Akauliza, bibi yake akimwuliza amdanganye? Halafu: "Anti, wewe unayo?"

Ninayo. Basi mmejua, na kelele zenu nazisubiri.

Kijana yule hakuifungua. Anasema atakayemnyima bibi yake hela, siku ya msiba wake nani atamsogelea? Sikuwa na jibu, na karatasi nikaikunja.

Wadogo zangu: njooni. Huku kijana anayejua kazi hafi njaa. Ila msije kama mmeshaahidi watu nyumba, maana mtakopa mpaka mkome. Tumeni nyumbani, msiwe kama wale wanaobadili namba ya simu. Msitume zote. Na mtoto wenu akizaliwa huku msemeshe Kiswahili hata akijibu Kiingereza. Vijana wa hapa wanaongea lugha mbili tatu za kwao na bado ripoti inasema hawajui lugha. Leteni koti zito pia. Julai jangwani usiku maji yanaganda.

Mama, ya dawa imeingia jana, angalia simu. Mjomba, mabati ni mwakani, na ukinipigia Alhamisi sipokei.