Mwaka wa kwanza mnaosoma saikolojia ya elimu, anzeni na panya buku wa Moro

Wadogo zangu mlioanza ualimu mwaka huu, biheviorizimu, yaani nadharia inayoangalia kujifunza kupitia vitendo vinavyoonekana, mtaletewa mapema tu na wengi mtaichukulia poa, mbwa wa Pavlov, kengele, mate, basi imeisha, afu mtihani unakuja na mfano mpya kabisa na watu wanaanza kumtafuta mbwa yuko wapi. Mi nawaambia hivi, ukipewa mfano wowote tafuta kwanza kitendo ni kipi, afu angalia kinachokiendesha kimekuja kabla yake au baada yake. Ukishaona hapo nusu ya topiki unayo.

Kwa Pavlov kinakuja kabla. Yule mzee wa Kirusi wala hakuwa mtu wa saikolojia, Nobel yake ya 1904 ni ya mambo ya mmeng'enyo wa chakula, ila akaona mbwa wanatoa mate kabla hata chakula hakijafika mdomoni, akaanza kutanguliza sauti, ya metronomu kwa mfano, na baadaye sauti peke yake ikawa inatosha. Mbwa hapo haamui kitu, mate yanajitokea tu. Kwa Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, ni kinyume, mnyama anafanya kitu mwenyewe na kinachofuata baada ya hapo ndo kinaamua kama atarudia, na mzizi wake ni Thorndike na paka wake kwenye masanduku, 1898.

Sasa vitabu vinawatenganisha Pavlov na Skinner utadhani hawajawahi kukutana, ndo maana nasema someni habari za APOPO pale Morogoro, chuo cha SUA, wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya mdogo kwanza anasikia kidude kinalia "tik" afu anapewa ndizi au karanga, tik, chakula, tik, chakula, mpaka ile tik yenyewe inakuwa na maana kwake. Hiyo ni Pavlov tupu. Baada ya hapo tik inabidi aitafute kwa kazi, akinusa harufu ya TNT, baruti ya kwenye mabomu, akaonyesha ndo anapata tik na chakula, akionyesha pasipo na TNT hapati kitu, na huyo sasa ni Skinner. Yaani panya mmoja kabeba nadharia mbili, na pia kujua kubagua harufu, ambayo nayo huwa inaulizwa. Magawa aliyezaliwa hapo akaenda kufanya kazi Kambodia akapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, 2020, ukiweka huo mfano kwenye karatasi lekchara ataamka maana mbwa kawasoma mpaka kachoka.

Pa kuwa makini kuliko pote ni uimarishaji hasi, watu wanaandika viboko. Hapana jamani! Gari linapiga kelele mpaka ufunge mkanda, ukifunga inanyamaza, kesho unafunga mapema, kitendo kimeongezeka kwa sababu kero imeondoka. Kiboko kinataka kitendo kipungue, hiyo ni adhabu. Na Skinner mwenyewe alikuwa anapinga adhabu shuleni, hili walimu wengi wanalirukaga sijui kwa nini.

Ratiba za zawadi msizikariri kama shairi, nenda katazame watu kwenye dubwi. Hajui itatema lini, ndo maana haondoki, ingekuwa inatema kila sarafu ya tano afu siku moja ikaacha angeshtuka haraka tu.

Swali la udhaifu wa nadharia nalo halikosi, na jibu zuri ni jaribio la Tolman na Honzik, 1930. Kuna panya waliozurura kwenye njia za kupotezana siku 10 bila chakula chochote mwishoni, kilipoanza kuwekwa siku ya 11 makosa yakashuka ghafla wakawa sawa na waliokuwa wanalishwa tangu mwanzo. Njia walikuwa wanaijua muda wote, na hakuna aliyewapa hata punje.