5G, setilaiti au antena ya paani? Majibu kwa wanaouliza "ipi ina kasi"

"Kati ya 5G ya nyumbani na Starlink, ipi ina kasi zaidi?" (Kitengela)

Swali hili limerudi tena, na tena halisemi ni kasi ya saa ngapi. Kasi ya saa nane mchana au ya saa tatu usiku, mtaa mzima ukitazama mpira? Mawimbi ya mnara hugawanywa kwa kila rauta na kila simu iliyo upande huo. Setilaiti ni vivyo hivyo: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa kujaa, Kajiado yenu ikiwemo. Nenda kwa jirani mwenye huduma unayoitaka, upime usiku. Namba ya kwenye bango ni ya mnara usio na watu.

"Rauta yangu ya 5G inarukaruka kwenda 4G. Ni mbovu?" (Rongai)

Umeiweka wapi? Nyuma ya televisheni, bila shaka. 5G nyingi za nyumbani hutumia masafa ya karibu gigahezi 3.5, na ukuta wa mawe huyapunguza vibaya. 4G ya megahezi 800 hupenya zaidi, ndiyo maana rauta inaikimbilia. Ihamishe dirishani, upande wa mnara, kabla hujamtukana mtu wa huduma kwa wateja.

"Ofisini tulikuwa na dishi la setilaiti, ukiongea unangoja jibu. Starlink si yale yale?" (Kakamega)

Hapana. Setilaiti ile ilikaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo swali na jibu lake husafiri karibu nusu sekunde hata mitambo ikiwa kamilifu. Za Starlink ziko chini sana, karibu kilomita 550, na ucheleweshaji ni wa makumi ya milisekunde. Mkutano wa video unakwenda vizuri. Ila kwenu kuna miti mikubwa, na dishi linataka anga wazi: tawi moja likikatiza, simu inakatika kila baada ya dakika kadhaa. Mvua kubwa nayo huikata. Na umeme ukipotea, dishi hula betri kuliko rauta ya kawaida. Wauzaji hawalitaji hilo.

"WiMAX ilipotelea wapi?" (Mombasa)

Intaneti hiyo ya zamani ya mnara ilimezwa na LTE, yaani 4G. Vifaa vya LTE vilitengenezwa kwa wingi, bei ikashuka.

"Kampuni ndogo ya mtaani inataka kunifungia antena juu ya paa. Nikubali?" (Ruiru)

Mimi nazipenda hizi, tofauti na wanaozidharau. Antena inayotazamana na mnara moja kwa moja inaweza kuishinda 5G iliyojaa. Uliza mambo matatu. Je, wana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano? Mnara wao unalishwa na faiba, au na antena nyingine inayolishwa na antena nyingine? Na jirani akipandisha ghorofa katikati, nani analipa kuhamisha? Wengi hutumia gigahezi 5, masafa yasiyohitaji leseni ya peke yako, kwa hiyo mwingiliano wa mawimbi na wengine hauishi. Mlingoti wa chuma ufungiwe waya wa ardhi, fundi akisema si lazima mwondoe.

"Nichukue ipi?"

Hujasema unaishi wapi. Kama faiba inapita mlangoni, chukua faiba. Kama haipiti, tuma mahali, idadi ya watumiaji, na picha ya paa.

"Kifurushi kimeandikwa hakina kikomo, mbona kasi imeshuka tarehe 20?" (Thika)

Soma masharti ya matumizi ya haki. Kiasi fulani kikiisha, kasi hushushwa hadi mwezi mpya.