Pikapu inatetemeka nyuma? Tafuta joto kabla hujashika spana

Wadogo zangu wa gereji, kila masika pikapu zinaingia na lalamiko lilelile: "Fundi, jana gari ilikuwa nzima, leo inatetemeka nyuma mpaka kioo cha kati kinalia." Na kila masika mnafanya yaleyale. Tairi zinatoka, zinakwenda balansi, zinarudi, gari inatetemeka. Mnahamisha za mbele nyuma, gari inatetemeka. Mteja anauziwa tairi mbili mpya, gari inatetemeka. Siku ya tatu ndipo mtu anaweka kiganja kwenye rimu ya nyuma kushoto na kuruka kwa maumivu. Handbreki ilikuwa imeng'ang'ania tangu mwanzo.

Kazi ya kufungua dramu (lile bakuli la chuma la breki linalozunguka na gurudumu) na kupanga springi zake mnaiweza, tena baadhi yenu mna mikono mizuri kuliko mafundi wakubwa. Kinachowaponza ni mpangilio wa kutafuta. Naandika hasa kwa Hilux na ndugu zake, zenye dramu nyuma na kebo ya handbreki, kwa sababu ndizo zinazojaa uani.

1. Muulize dereva mtetemo unafuata nini.

Kuna mtetemo unaofuata spidi: unaanza kwenye 80, unazidi kwenye 100, ukipunguza unapotea. Huo ni wa tairi, rimu au balansi. Kuna unaofuata mguu wa mafuta: ukikanyaga unakuja, ukiachia unatulia. Huo mtafute kwenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), krosi zake na senta beringi. Halafu kuna unaofuata muda. Kilomita za kwanza gari shwari, baada ya kumi au kumi na tano inaanza kutikisika kwenye kiti na kwenye bodi, usukani umetulia. Dereva anasimama kula, anarudi baada ya saa moja, gari imepona. Anakwenda tena, inarudia. Hakuna tairi inayopona kwa kupumzishwa. Kinachopoa na kupona ni breki.

Muulize pia gari ililala wapi na vipi. Pikapu iliyovuka maji jioni ikalala na handbreki imevutwa, asubuhi shuu (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani) zimeshikana na dramu kwa kutu. Dereva anaondoka, anasikia "kla!" moja, anaendelea na safari. Mara nyingine ile "kla" ni kutu tu imeachia. Mara nyingine ni lainingi (ile sehemu ya kusugua) iliyobanduka kwenye shuu yake, hasa zile za gundi, na sasa kipande kinazunguka ndani ya dramu kikitafuta pa kujipachika. Gari hiyo haiendi majaribio barabarani. Inapanda jeki hapohapo ilipo.

Pikapu za kubeba samaki ziangalieni kwa jicho la pekee. Maji ya chumvi yanachuruzika kutoka bodi hadi kwenye ekseli na kebo kila siku, na kebo huoza kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima.

2. Chungulia ndani ya rimu. Tope lililokauka upande mmoja linatetemesha gari kama tairi mbovu, na dawa yake ni bisibisi na maji.

3. Pima joto, upande kwa upande.

Endesha kilomita 8 hadi 10 kwenye barabara tambarare, ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, kisha simama kwa kuiacha gari ipunguze mwendo yenyewe. Ukisimama kwa kukanyaga breki kwa nguvu, umepasha dramu zote na umeharibu kipimo chako. Kwa sababu hiyo hiyo, gari iliyotoka kushuka mlima mkali kama Kitonga haikuambii kitu: zote nne zinachemka. Iache ipoe, halafu uitembeze upya kwenye tambarare.

Kipimajoto cha kuelekeza siku hizi hakina bei ya kutisha, na gereji ikose vingine kisikose hicho. Elekeza kwenye dramu yenyewe kupitia matundu ya rimu, sehemu ileile kushoto na kulia. Tofauti ya nyuzi 10 au 15 isikusumbue. Upande mmoja ukisoma 50 na mwingine 130, umeshapata gurudumu lako. Huna kipimajoto? Nyunyizia matone machache ya maji kwenye uso wa rimu karibu na nati: yakichemka na kukauka papo hapo, jibu ndilo hilo. Usishike kwa vidole. Na pua itumie, lainingi iliyoungua ina harufu kali ambayo ukiijua hutaisahau.

Zote mbili za nyuma zikiwa moto sawasawa, usiseme "basi ni kawaida". Linganisha na za mbele. Kwenye safari isiyo na breki, nyuma haitakiwi kuizidi mbele.

Taa ya handbreki kwenye dashibodi isiwadanganye. Swichi yake iko kwenye mkono wa handbreki anaouvuta dereva, kwa hiyo inachojua ni kama mkono umeshuka. Kama shuu zimerudi, haijui.

4. Jua kinachoshikilia kabla hujatoa dramu.

Hapa ndipo penye ufundi, na hapa ndipo mnapokimbilia nyundo. Gari ikifika imekwama, ishughulikie ikiwa bado imekwama. Ikisogezwa kivulini kungoja zamu, inapoa, inaachia, na ushahidi wote umepotea.

Weka vigingi magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, maana handbreki ikishalegezwa nyuma hakuna kinachoishikilia gari. Inua ekseli yote, weka stendi, gia iwe fri. Shusha handbreki. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Uzito kidogo wa difu na propela ni kawaida. Unachotafuta ni upande mmoja kuwa mgumu kuliko mwenzake, au mgumu sehemu moja ya mzunguko na mwepesi sehemu nyingine.

Kwanza kebo. Legeza nati kwenye ikwalaiza (kipande kinachogawa mvuto wa handbreki kwa kebo za kushoto na kulia) mpaka kebo zote mbili zilegee kabisa. Gurudumu likiachia, tatizo liko kwenye mkono au kebo ilikazwa kupita kiasi. Lisipoachia, usiifutie kebo lawama bado: kebo iliyoganda ndani ya ganda lake hailegei nyuma kwa kulegeza nati mbele. Ichomoe upande wa nyuma, kwenye kile kikono kilichofungwa nyuma ya beki pleti (bamba la chuma linalobeba shuu), kisha sukuma kikono kwa kidole. Kinatakiwa kirudi chenyewe hadi kwenye stopa. Kikibaki kilipo, umempata mwizi. Kikono hicho kinakaa uso kwa uso na matope ya tairi, na kava lake la mpira likishapasuka pini yake inaganda kwa kutu. Kwenye Hilux nyingi za zamani ndiyo sababu ya kwanza.

Pili maji ya breki. Kama gurudumu bado limeshika, fungua nipo (kile kiskrubu cha kutolea maji ya breki) ya silinda ya gurudumu hilo. Maji yakiruka kwa nguvu na gurudumu likaachia, kulikuwa na presha iliyofungiwa. Sasa fikiri bomba linapita wapi. Kutoka chasisi hadi ekseli kuna hozi moja inayolisha pande zote mbili. Hozi ikivimba kwa ndani, au masta silinda (pampu kuu ya breki) isiporudisha, kushoto na kulia vitakwama pamoja. Upande mmoja peke yake ukiachia hivyo, tazama bomba la chuma la upande huo kama limebanwa.

Tatu, kama kebo imechomolewa, nipo imefunguliwa, na gurudumu bado halizunguki, sasa una ruhusa ya dramu. Ndani kuna silinda iliyoganda, springi iliyokatika, au lainingi iliyobanduka. Toa ile plagi ya mpira nyuma ya beki pleti, sukuma ulimi wa adjasta (kirekebishaji cha nafasi ya shuu) kwa bisibisi nyembamba, rudisha nyota yake yenye meno kwa bisibisi ya pili. Kisha tumia matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wa dramu: bolti mbili za M8, zikazwe kwa zamu, robo mzunguko kila moja. Dramu inatoka taratibu bila kipigo. Nyundo kwenye ukingo inapasua dramu, na ufa mdogo mtaurudisha barabarani bila kuuona.

5. Usikaze kebo kufidia shuu. Nitakaa hapa kidogo.

Mteja analalamika handbreki inapanda juu sana na gari haishiki mlimani. Kijana anaingia chini, anakaza nati ya ikwalaiza, mkono unashika katikati, mteja anafurahi, kazi ya dakika tano. Mwezi haujaisha gari inarudi inatetemeka, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Tazameni kilichotokea ndani. Mkono ulipanda juu kwa sababu lainingi zimelika au adjasta imeganda, nafasi kati ya shuu na dramu imekuwa kubwa. Nati ilipokazwa, nafasi ile haikupungua kwa adjasta. Ilipungua kwa kuvuta ule mkono mdogo ulio ndani ya dramu na kuuacha umevutwa moja kwa moja, hata handbreki ikiwa imeshuka. Mkono ule ukikosa kurudi hadi mwisho wake, shuu nazo hazirudi mahali pake pa kupumzika. Tena kwenye Hilux hizi adjasta ya kujirekebisha inaendeshwa na handbreki yenyewe: mkono unapovutwa na kurudi kabisa, ulimi unashika jino linalofuata. Usiporudi kabisa, jino halishikwi. Kwa hiyo umeiua adjasta. Lainingi zinaendelea kulika, mkono unapanda tena, fundi mwingine anakaza tena.

Ongezea mzigo. Kebo iliyokazwa mpaka mwisho haina ulegevu wa kuifuata ekseli inapopanda na kushuka. Gari tupu juu ya jeki inazunguka vizuri, mnasema nzima. Mteja anapakia mifuko ishirini ya saruji, springi zinalala, kebo inavutika, shuu zinagusa. Zikigusa zinapasha dramu, na joto halienei kwenye dramu sawasawa: sehemu fulani inazidi, inabadilika rangi kuwa bluu, inakuwa ngumu kuliko nyingine, na mduara unapotea. Kuanzia hapo kila mzunguko mmoja wa gurudumu shuu inashika na kuachia, inashika na kuachia. Huo ndio mtetemo mteja anaousikia kwenye kiti, na balansi haiwezi kuuondoa.

Mpangilio sahihi hauna njia ya mkato. Legeza kebo kabisa. Kwenye zenye kikono na bolti ya stopa, ondoa ulegevu wa kikono kwa mkono kisha weka nafasi ya 0.4 hadi 0.8 mm. Pima kipenyo cha ndani cha dramu, panga shuu ziwe ndogo kwa takriban 0.6 mm. Rudisha dramu, kanyaga pedali mara kadhaa shuu zijiweke katikati, vuta na ushushe handbreki mpaka adjasta iache kulia. Zungusha gurudumu. Sasa ndiyo unagusa nati ya ikwalaiza, na mara nyingi utakuta inahitaji kukazwa kidogo sana. Idadi ya mibofyo itoe kwenye kitabu cha gari hiyo, maana handbreki ya kuvuta chini ya dashibodi ina mibofyo mingi kuliko ya mkono wa katikati. Ukizilazimisha zilingane, umerudi kwenye kosa lilelile.

6. Dramu ikiwa mezani.

Kikomo chake kimepigwa muhuri kwenye dramu yenyewe. Ya 254 mm inaishia 256, ya 295 inaishia 297. Imezidi hapo, haikerezwi, inatupwa. Ikikerezwa moja, kereza na mwenzake. Madoa ya bluu yakibaki baada ya kukereza, mtetemo utarudi, mwambie mteja ukweli na umuuzie dramu. Lainingi chini ya 1 mm ni ya kubadilisha, pande zote mbili.

Angalia sili ya ekseli. Joto linaikausha, oili ya difu inatambaa hadi kwenye lainingi, na lainingi yenye oili hushika kwa kushtuka. Kuiosha kwa petroli hakusaidii, oili imeshanyonywa, ikipata moto inatoka tena. Ukibadilisha sili, zibua na pumulio la difu, vinginevyo presha itaisukuma mpya pia.

Maji ya breki badilisha. DOT 3 mpya inachemka nyuzi 205, iliyokwisha kunyonya unyevu inachemka chini sana ya hapo, na dramu iliyokwama ilikuwa inaipika. Pedali ikizama siku mbili baadaye, lawama ni yako.

7. Usimwagie maji dramu ya moto ili ipoe upesi. Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa, lioshe. Kebo iliyooza badilisha, usiitie oili ukaiita mpya. Na ile mpya ilinganishe na ya zamani kwa urefu kabla ya kufunga.

8. Gari ikitoka, irudie safari ileile ya kilomita 10 na upime joto lilelile, kisha pakia mzigo au omba wenzako wanne wakae nyuma, uzungushe na kupima tena. Mwambie mteja alaze gari usiku mmoja na handbreki imevutwa, asubuhi aiachie na asukume kwa mkono kwenye tambarare kabla ya kuwasha. Isiposogea airudishe. Nati za tairi zikazwe upya kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 100.