CT-Scan ya kwanza haikuona kitu, kwa nini turudie?

SWALI: Tangu mwaka jana mama yangu huamka alfajiri akitoka jasho, akitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, akinywa maji ya sukari hurudi katika hali yake. Ramadhani iliyopita alizimia akiwa amefunga, na sukari ilikutwa imeshuka mno ingawa hana kisukari. Daktari anashuku uvimbe wa kongosho. CT-Scan ya tumbo haikuonesha kitu, na sasa tunatakiwa twende Dar es Salaam kwa picha ya pande tatu. Gharama zinatuelemea. Kuna haja gani?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Haja ipo, ila msianze na safari. Uvimbe anaoushuku daktari huitwa insulinoma, nao hutoa kwa wingi insulini, homoni inayoshusha sukari. Kwa mwaka huwapata takriban mtu mmoja hadi wanne katika kila watu milioni, na kwa kawaida hauzidi sentimita 2. Picha huonesha ulipo, lakini kinachothibitisha kuwa upo ni damu inayochukuliwa wakati sukari imeshuka, ikapimwa sukari, insulini na C-peptaidi, kitu ambacho kongosho hukitoa pamoja na insulini. Mgonjwa huzuiwa kula hospitalini chini ya uangalizi, pengine hadi saa 72. Bila ya kipimo hicho, picha ya ghali ni kubahatisha.

Ama CT-Scan ya kawaida ya tumbo, mara nyingi hupigwa mara moja tu baada ya dawa ya kung'arisha picha kudungwa mshipani, na insulinoma, ambayo ina mishipa mingi ya damu, hung'aa kwa muda mfupi, karibu na sekunde ya 40, kisha hufanana na nyama inayoizunguka. Kipimo mlichoelekezwa hupigwa katika wakati huo na tena karibu na sekunde ya 70, kwa vipande vyembamba kama vya milimita 1, ambavyo kompyuta huviunganisha, mithili ya boflo lililokatwa likarudishwa zima, hadi kongosho ligeuzwe na kutazamwa kila upande. Daktari wa upasuaji huona uvimbe uko umbali gani na mfereji wa kongosho, na hapo huamua kama atautoa peke yake au pamoja na sehemu ya kongosho.

Mwombeni daktari aandike "insulinoma" kwenye fomu, si "maumivu ya tumbo", kwani neno hilo ndilo litakalomwongoza mpiga picha. Chukueni pia CD ya picha za mwanzo, si ripoti pekee, na figo zipimwe kabla ya kudungwa dawa hiyo ya picha. Uvimbe usipoonekana, ipo ultrasaundi inayoingizwa kwa mpira kupitia mdomoni.

Kwa sasa mama asifunge wala asilale na njaa, na akiwa hajitambui asinyweshwe kitu, bali apelekwe hospitali mara moja. Takriban insulinoma 9 kati ya 10 si saratani, na nyingi hupona kwa upasuaji.