Maumivu ya nje ya goti kwa mkimbiaji: usiache mbio, anza na nyonga

Mkuu mleta uzi, nimesoma maelezo yako yote. Maumivu upande wa nje wa goti, yanaanza ukishakimbia umbali fulani, karibu uleule kila mara, yanapanda mpaka unalazimika kutembea, na ukitembea kidogo yanapoa kana kwamba hapakuwa na kitu. Umepumzika wiki mbili, umerudi barabarani, yamekupokea palepale. Umeshauriwa upitishe rola (lile gogo la kukandia misuli) pembeni mwa paja na unyooshe kila siku. Swali lako ni kama uendelee na hayo au uachane na mbio kabisa, na una nusu marathoni miezi mitatu ijayo.

Usiache mbio. Mimi nilipata hayahaya kwenye goti la kushoto, nikatibiwa kwa fiziotherapia bila dawa wala sindano, na leo nakimbia bila kuliwazia goti hilo. Naandika kirefu kwa sababu inaniuma kuona watu wanakata tamaa na jambo linalotibika, eti kwa kuwa walihangaika na pale panapouma tu.

Kwanza hakikisha ni lenyewe. Lala chali, kunja goti nyuzi 90. Papasa upande wa nje mpaka ukute kinundu cha mfupa wa paja, juu kidogo ya mstari wa kiungo, yaani pale mfupa wa paja unapokutana na wa muundi. Bonyeza hapo kwa dole gumba, kisha nyoosha goti taratibu bila kuondoa dole. Kama maumivu unayoyajua yanajitokeza goti likiwa limebakiza mkunjo wa nyuzi 30 hivi, dalili zinaelekea kwenye mshipi wa iliotibia, utando mrefu wa pembeni mwa paja. Hicho ndicho kipimo cha Noble, na mtaalamu wangu alianza nacho kabla hata hajaniuliza habari za viatu.

Lakini kama maumivu yako yapo kwenye mstari wenyewe wa kiungo, au goti linavimba, linakwama katikati ya kukunjwa, linakulegea ghafla, au linauma usiku umelala, hilo ni jambo jingine. Inaweza kuwa gegedu ya ndani ya goti, kano, hata ufa mdogo wa mfupa. Hapo nenda ukapimwe na uweke jibu langu pembeni.

Sasa, kwa nini kupumzika hakukusaidia? Mshipi huu ni utando mnene unaotoka kwenye nyonga, unashuka pembeni mwa paja na kujishikiza kwenye kinundu cha nje cha mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Kule juu unavutwa na misuli miwili: ule mkubwa wa makalio, na mdogo ulio mbele pembeni mwa nyonga, tensa fasia lata. Mshipi wenyewe si msuli, haujikazi. Unakazwa na misuli hiyo na jinsi mwili unavyokaa juu ya mguu, kama kamba ya hema inavyokazwa na nguzo ikiegemea upande.

Daktari James Renne alilieleza tatizo hili mwaka 1975, baada ya kulikuta kwa makuruta wa kikosi cha Marine cha Marekani, na kwa miaka mingi ikaaminika kwamba mshipi unateleza mbele na nyuma ukiusugua mfupa. Mwaka 2006 Fairclough na wenzake wakaja na maelezo mengine: mshipi umefungwa kwenye mfupa wa paja kwa nyuzi imara, hauna nafasi ya kuteleza huru. Kinachotokea ni mbano. Chini yake kuna tishu ya mafuta yenye neva nyingi na mishipa ya damu, na hiyo ndiyo inayobanwa, hasa goti likiwa kwenye nyuzi 30, yaani muda mfupi tu baada ya mguu kugusa ardhi. Zidisha hilo kwa maelfu ya hatua za mbio moja, utaelewa kwa nini kilomita za kwanza hazina shida.

Ukipumzika, tishu inatulia. Ila uwezo wa mguu wako kubeba mzigo wa mbio haujaongezeka hata chembe, pengine umeshuka. Unarudi na mguu uleule kwenye mzigo uleule, basi maumivu nayo yanarudi palepale.

Kuhusu rola, niseme wazi ninavyoona. Mwaka 2008 Chaudhry na wenzake walikokotoa nguvu inayohitajika kuubadilisha utando wa paja umbo kwa asilimia 1 tu, wakapata nguvu iliyo mbali kabisa na ile mikono ya binadamu inayoweza kutoa. Kwa hiyo hakuna anayeurefusha kwa rola, alie asilie. Ukitaka itumie kwenye makalio na mbele ya paja, inatuliza na haina ubaya. Pale kwenye kinundu usiiguse: tishu tayari imebanwa, wewe unaongeza kuibana. Na ugumu wa mshipi wala si kasoro. Utafiti wa Carolyn Eng na wenzake wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba unahifadhi nishati mguu ukivutika na kuirudisha unapokimbia. Unauhitaji uwe imara.

Kazi kubwa iko kwenye nyonga. Mwaka 2000 Michael Fredericson na wenzake walipima wakimbiaji 24 wenye tatizo hili, wakakuta misuli ya kufungua nyonga, yaani inayopeleka mguu nje pembeni, upande unaouma ni dhaifu kuliko upande mzima. Baada ya wiki 6 za mazoezi, 22 kati yao walikuwa wamerudi kukimbia bila maumivu. Ni utafiti mdogo, na uliofuata baada yake haukukubaliana wote kwamba udhaifu ndio chanzo. Bado, kati ya yote niliyofanyiwa, hakuna lililonibadilisha kama hili.

Mtaalamu wangu alinionyesha kwa macho yangu. Alichora alama mbili kwa kalamu kwenye vinundu vya mbele vya nyonga, akanisimamisha juu ya kingazi kifupi mbele ya kioo, akaniambia nishuke polepole kwa mguu mmoja mpaka kisigino cha mguu wa pili kiguse sakafu, kisha nipande. Kwa mguu mzima, alama zilishuka pamoja zikapanda pamoja. Kwa mguu unaouma, alama ya upande ulio hewani ilianza kuzama kabla goti halijakunjika nusu, na goti lenyewe likaelekea ndani, likavuka mstari wa kidole gumba. Alinirudisha tena, polepole zaidi, akasema nitazame kinundu cha nje cha goti: kila nyonga ikizama, upande ule unakazika. Fanya kipimo hiki nyumbani, mtu akurekodi kwa simu kutoka mbele. Utajifunza mengi kuliko kwenye picha ya eksirei, ambayo kwa tatizo hili kwa kawaida haionyeshi kitu.

Mazoezi yenyewe yana hatua. Goti likiwa bado lina hasira, anza na yale yasiyolikunja chini ya uzito. La kwanza: lala ubavu, mgongo na makalio vigusane na ukuta, mguu wa juu umenyooka, kisigino kikiteleza juu ya ukuta huku vidole vya mguu vimeelekea chini kidogo. Panda taratibu, shikilia kidogo, shuka taratibu zaidi. Watu wengi hulichukulia jepesi kwa sababu mguu wao unasogea mbele bila wao kujua. Ukihisi moto pale mbele penye mfuko wa suruali, ujue tensa fasia lata imepokonya kazi. Rudisha kisigino ukutani mpaka moto uhamie nyuma, kwenye kona ya juu ya kalio. Usipouhisi hapo, hujalifanya. Ongeza planki ya ubavu, yaani kulala ubavu na kuinua nyonga juu ukiegemea kiwiko, ukianzia kwenye magoti, na daraja la mguu mmoja: umelala chali, mguu mmoja umekanyaga, makalio yanapanda bila nyonga kuinama upande. Haya unaweza kufanya karibu kila siku.

Kushuka ngazi kukiacha kuuma, ingia kwenye kazi nzito. Hapa ndipo wengi wanapoishia na bendi za mpira za rangi rangi, na mimi nadhani hazitoshi kwa mkimbiaji. Kila ukikanyaga, mguu mmoja unabeba uzito wote wa mwili na zaidi, mara mbili hata tatu yake. Unahitaji uzito mkononi. Fanya kile kipimo cha kingazi kama zoezi, ukizuia nyonga isizame. Skwoti (kuchuchumaa na kuinuka) ya mguu mmoja, ule wa nyuma ukiwa juu ya benchi. Kuinama kwa mguu mmoja huku umeshika uzito, mgongo umenyooka. Seti 3 za mara 8, uzito uwe wa kufanya zile mbili za mwisho ziwe ngumu kweli, siku 2 au 3 kwa wiki zenye pumziko katikati. Miguu yote miwili, ukianza na ule unaouma. Baadaye weka kuruka kwa mguu mmoja, kwanza papo hapo, kisha kwenda mbele.

Mbio hazisubiri mpaka umalize yote haya. Ukiweza kutembea kwa kasi nusu saa na kuruka kwa mguu mmoja bila maumivu, anza vipande: kimbia dakika 2, tembea 1, siku moja unakimbia, inayofuata unapumzika. Pima maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Ukifika 2, simama, hata kama ratiba inasema kuna vipande vimebaki. Na hukumu ya kweli inatoka kesho yake: ukishuka ngazi asubuhi na goti liko kimya, ongeza kidogo, likinung'unika, rudi kipimo cha juzi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kukimbia polepole sana kunaweza kuuma kuliko kukimbia kwa kasi ya wastani. Ukienda kasi, mguu unatua goti likiwa limekunjika zaidi, na muda unaokaa kwenye zile nyuzi 30 unapungua. Kwa sababu hiyohiyo mteremko ndio adui mkubwa. Uache uwe wa mwisho kabisa kurudi. Barabara iliyoinama upande mmoja nayo ichunge, kama unakimbia ukingo uleule kila siku.

Kuna marekebisho mawili ya mwendo yaliyonisaidia. Hesabu hatua zako kwa dakika ukiwa kwenye kasi yako ya kawaida, kisha uongeze asilimia 5, baadaye hata 10, kasi ikibaki ileile. Hatua zinakuwa fupi, mguu unatua karibu na mwili. Heiderscheit na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba hilo linapunguza mzigo wa goti na nyonga. La pili, tazama unakokanyaga: kama nyayo zako zinafuatana kwenye mstari mmoja, zitenganishe upana kidogo tu. Meardon na wenzake mwaka 2012 walikuta kwamba hatua nyembamba inaongeza mvutano kwenye mshipi huu. Mimi nilikuwa nakimbia mstari mweupe wa uwanjani ukiwa katikati, mguu wa kushoto kushoto kwake, wa kulia kulia, mpaka mwili ukazoea.

Viatu badilisha vikichakaa, basi. Baiskeli kama mbadala iangalie, maana goti linapita kwenye zile nyuzi kila mzunguko. Wengine inawafaa, wengine inawaamsha maumivu. Sindano ya steroidi inaweza kupunguza maumivu ya mwanzo kwa wiki chache, ila haiongezi nguvu popote, kwa hiyo mazoezi yanakungoja palepale. Na tafadhali usimeze vidonge vya maumivu ili umalize mbio ndefu. Unaondoa ile kengele unayoihitaji kujua lini usimame.

Kuhusu nusu marathoni yako: miezi mitatu inatosha kama unaanza nyonga wiki hii. Zikibaki wiki 4, kama unakimbia saa moja na nusu mfululizo, ikiwa na mteremko mdogo, bila maumivu kufika ile 2, nenda. Kama hujafika hapo, omba kuhamishiwa umbali mfupi au ungoje mbio zinazofuata, na uendelee na uzito siku 2 kwa wiki. Kisha rekodi kile kipimo cha kingazi uniambie hapa nyonga inazama kwenye mguu upi, nikusaidie kupanga wiki ya kwanza.